Rangi Inayotoka Mifupani

Kuna rangi ambayo haipakwi kwa brashi wala haipulizwi kwa bomba. Inapikwa. Fundi huchukua chuma laini, kisicho na kaboni nyingi, akakipanga ndani ya sanduku la chuma pamoja na makaa ya mifupa na makaa ya miti. Wengine huongeza ngozi iliyochomwa. Sanduku hufungwa, likaingizwa kwenye tanuri, joto likapanda kupita nyuzi 700 za sentigredi na kukaa huko kwa saa kadhaa. Humo gizani kaboni hutoka kwenye makaa ikazama kwenye chuma pole pole, kwa kina kisichofika unene wa ukucha. Kisha sanduku hufunguliwa juu ya pipa la maji baridi yanayotoa mapovu kwa hewa iliyopulizwa ndani yake, na chuma chote kikadondoka kwa mara moja. Fundi akikosea kidogo, kinapinda au kinapasuka. Akipatia, kinachoopolewa majini kina buluu ya usiku, hudhurungi, kijivu na manjano ya majani makavu ya mgomba, zote zimeingiliana bila mpaka, kama dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi pale stendi ya Himo baada ya mvua.

Waingereza na Wamarekani wana jina lao la kazi hii. Mimi nitaiita kupika chuma kwa mifupa, maana ndicho kinachofanyika.

Bunduki nyingi za karne ya 19 zilipikwa hivyo, hasa kile chuma cha katikati kinachounganisha mitutu na kitako. Bastola ya Colt ya mwaka 1873, ile ya filamu za kauboi, ilitoka kiwandani ikiwa na rangi hizo ubavuni. Shotigani za Birmingham na London vilevile. Lakini rangi haikuwa lengo. Lengo lilikuwa ugumu: ngozi ngumu isiyolika kwa msuguano, juu ya moyo laini usiovunjika kwa kishindo. Rangi ilikuwa ziada, kama ukoko wa wali. Mpishi hakukusudia ukoko, lakini ukiwapo, wapo watakaoupenda kuliko wali wenyewe.

Na rangi hiyo ndiyo hutangulia kuondoka. Ni utando mwembamba mno juu ya chuma, mwanga unacheza ndani yake na jicho linaona buluu. Jua, jasho la kiganja, kitambaa cha kufutia, hata ala ya ngozi ambamo bunduki hulazwa, vyote vinaila. Baada ya miaka hamsini au sitini chuma kimekuwa cha kijivu kama sarafu ya zamani, na rangi imebaki mafichoni tu: chini ya wenzo wa kufungulia, kuzunguka vichwa vya skrubu, nyuma ya kifyatuo ambako kidole hakifiki. Ugumu wenyewe unabaki palepale. Ukikwaruza kwa tupa, tupa inateleza.

Sasa swali: je, ni sawa kuirudisha rangi hiyo?

Ningeliacha swali hili kwa matajiri wanaokusanya bunduki kuukuu huko Marekani kama lisingeingia uani kwetu Kilema, mwezi wa Desemba, wakati Wachaga wote wenye nauli wamepanda mlimani. Babu alikuwa na shotigani ya Kiingereza ya mitutu miwili, yenye muhuri wa ofisi ya Birmingham inayopima mitutu, ofisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Aliipata kihalali, kwa ajili ya kulinda mahindi kwenye shamba la tambarare, kule chini ambako nyani na nguruwe mwitu hawana dini. Alipofariki, bunduki ilikwenda polisi. Bunduki hairithiwi kama kihamba. Ni lazima anayeitaka aombe upya, achunguzwe, asubiri. Baba mdogo akaomba, akasubiri, akapewa. Ilirudi nyumbani ikiwa na madoa ya kutu, naye akaamua kwamba haitakaa hivyo. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi mafundi wa Marekani wanavyofanya. Mmoja wao, Doug Turnbull wa jimbo la New York, amejenga jina lake lote juu ya kurudisha rangi hizi. Baba mdogo akatupitishia simu, kila mtu akatazama chuma cha kijivu kikizama na kutoka majini kama kinyonga.

"Hivi ndivyo Mzee alivyoinunua," alisema. "Nataka niione alivyoiona yeye."

Shangazi, aliyekuwa akipepeta maharage, hakuinua kichwa. "Hiyo ni bunduki iliyompiga mtoto wa watu," alisema. "Unataka kuipamba?"

Wengi wetu tuliozaliwa baadaye tulikuwa tumesikia habari hiyo kwa vipande. Mwaka 1974 ulikuwa wa njaa, nchi nzima. Usiku mmoja kule tambarare babu alisikia mahindi yakivunjwa, akadhani nyani, au alisema alidhani nyani, ingawa nyani hulala usiku. Akapiga. Aliyelia alikuwa kijana wa miaka kama 15, ana gunia. Risasi za chembechembe zilimwingia pajani. Babu mwenyewe alimbeba hadi hospitali. Kijana akapona, lakini mguu ukabaki mfupi. Baadaye babu alikwenda kwa wazazi wake na wazee wawili, mbuzi, na jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu, mtu akikuletea isale huwezi kumfukuza. Wakasamehe. Yule kijana sasa ni mzee, na kwenye misiba yetu hukaa benchi la mbele.

Kutoka usiku ule babu hakuwahi kupiga tena, lakini kila Jumamosi aliitoa bunduki, akaipaka mafuta na kuisugua kwa kitambaa cha fulana kuukuu. Rangi iliyokuwa imebaki aliimaliza yeye mwenyewe, kwa kusugua. Shangazi anaamini kusugua kule kulikuwa toba. Baba mdogo anasema Kilema kuna unyevu, ukiacha chuma wiki mbili kinaota kutu, Mzee alikuwa anatunza mali yake, basi.

Nimelifikiria hilo kuliko yote. Watu wanaopinga kurudisha rangi huwa wanasema uchakavu ni historia, na ukiufuta umefuta historia. Inasikika vizuri. Lakini uchakavu hausemi umetokana na nini. Kijivu cha toba na kijivu cha kuzuia kutu ni kijivu kilekile. Chuma hakikuandika kitu. Sisi ndio tunasoma, na kila mmoja anasoma alichokuja nacho. Kama hoja ya kuiacha ilivyo inategemea kwamba uso ule ni ushahidi, basi ni ushahidi wa shahidi bubu.

Hata hivyo sikubali kwamba hoja imekwisha hapo. Shahidi bubu bado alikuwepo.

Ulaya waligombana sana juu ya jambo hili, kuhusu majengo. Mwingereza John Ruskin aliandika mwaka 1849 kwamba kulikarabati jengo la kale ili lirudi kama lilivyokuwa ni uongo mtupu, kwa sababu roho ya mikono iliyolijenga haiwezi kuitwa tena; litunze lisianguke, na likianguka, liache lianguke kwa heshima. Mfaransa Viollet-le-Duc aliona kinyume: kukarabati ni kulifikisha jengo kwenye ukamilifu wake, hata kama ukamilifu huo haukuwahi kuwapo. Ndiye aliyelisimamishia kanisa la Notre-Dame la Paris mnara wake mwembamba katika karne ya 19. Mnara huo ukaungua Aprili 2019, Wafaransa wakabishana kama wajenge wa kisasa, mwishowe wakaurudisha kama alivyouchora yeye, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Kilichokuwa nyongeza ya mkarabati kimegeuka kuwa asili ya kukarabatiwa. Ruskin angecheka, kama alikuwa mtu wa kucheka.

Wahifadhi wa leo wamechukua njia ya katikati. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 unasema, kwa ufupi, kwamba ukarabati ukome pale ambapo kukisia kunaanza. Kwa bunduki ya babu kanuni hiyo inauma, maana rangi ya mifupa haijirudii. Hata fundi yuleyule, makaa yaleyale, pipa lilelile, hawezi kutoa madoa yaleyale mara mbili. Rangi utakayorudisha haitakuwa rangi aliyoiona babu. Itakuwa ya aina moja nayo, kama mtoto mwingine wa tumbo lilelile.

Lakini mbona huku mlimani tunakarabati kila kitu na hatuoni uongo wowote? Chukua mfongo. Mifongo inayoshusha maji kutoka msituni hadi kwenye migomba ilichimbwa na watu ambao baadhi yao hata majina hayakumbukwi. Kila mwaka ukoo unatoka na majembe kuzibua. Tope linatolewa, kingo zinajengwa upya, mkondo unasogezwa mti ukianguka. Hakuna tone la maji lililokuwamo jana, na udongo wa kingo si ule wa wachimbaji. Bado ni mfongo uleule, na mtu atakayesema uachwe uzibe kwa kuheshimu historia atapelekwa kwa mganga. Nyumba za zamani za majani zilikuwa hivyohivyo: kuezeka upya kulikuwa ndiyo kuishi ndani yake.

Lugha yenyewe inatupa ruhusa. Kwa Kiswahili kutengeneza ni kuunda kitu kipya na ni kurekebisha kilichoharibika, neno moja. Fundi anayetengeneza viti na fundi anayetengeneza redio wote wanatengeneza. Inaonekana waliotuachia lugha hii hawakuona ukuta mkubwa kati ya kuzaa kitu na kukiponya.

Tofauti, nadhani, ni kwamba mfongo una kiu nyuma yake. Migomba inangoja. Ukiuacha, watu watakosa. Bunduki ya babu hakuna anayeingoja. Shamba la tambarare limeuzwa nusu, nusu iliyobaki inalindwa na kijana mwenye tochi na mbwa watatu. Baba mdogo mwenyewe anakiri hatapiga. Anataka kuiona tu. Na kitu kinachotakiwa kuonwa tu, ukikibadilisha sura umekibadilisha chote.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu njia za kufanya kazi hii, kwa sababu maadili yamo ndani ya ufundi na si juu yake.

Njia ya haraka ni ya moto wa gesi na dawa. Unapitisha ndimi za moto juu ya chuma, au unapaka tindikali, madoa ya buluu na hudhurungi yanatokea, unapaka vanishi juu. Kwa mbali yanadanganya. Lakini moto huo hauongezi ugumu. Ukizidi unauondoa ule uliokuwepo. Zamani rangi ilikuwa dalili kwamba jambo fulani limetokea ndani: kwamba mifupa iliungua, kaboni ikazama, ngozi ikakomaa. Rangi ya gesi ni dalili bila jambo. Mwaka 2017, uhakiki wa watumishi wa umma ulipobaini vyeti feki 9,932, tulicheka na kulia, lakini tulielewa mara moja kilichokuwa kibaya: muhuri upo, mtihani haukufanyika. Rangi ya gesi ni cheti feki cha chuma. Fundi wa mjini ambaye baba mdogo alimpigia, mwenye leseni zake, alikuwa tayari kuifanya kwa siku mbili.

Njia ya kweli ni ngumu zaidi, na mimi naiona ina tatizo kubwa zaidi. Ili uipike bunduki upya kwa mifupa, ni lazima kwanza uilainishe: uipashe moto na kuiacha ipoe taratibu ndani ya majivu au tanuri mpaka ugumu wa zamani utoke. Kisha unasugua uso wake mpaka uwe safi kabisa, na kila unaposugua unaondoa chuma. Nakshi zinakuwa hafifu, herufi za mihuri zinapungua kina. Baadaye ndipo unapika. Kwa hiyo huongezi juu ya kazi ya yule mfanyakazi wa Birmingham ambaye hakuna anayemjua jina. Unaifuta, halafu unafanya ya kwako mahali pake. Rangi itakuwa ya kweli na ugumu utakuwa wa kweli. Ni cheti halali kabisa, ila ni cha mtihani mwingine, uliofanywa na mtu mwingine, mwaka mwingine.

Wakusanyaji wa Marekani wanalijua hili kwa lugha ya fedha. Bunduki iliyobaki na asilimia ndogo ya rangi yake ya kiwandani mara nyingi huthaminiwa kuliko iliyopikwa upya ikang'aa yote. Siwapendi sana wakusanyaji, lakini katika hili soko lao limeshika kitu ambacho methali yetu inakidokeza kwa kejeli: kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Tuliendelea kubishana hadi mbege ikaisha. Mtu mmoja akauliza, kwa nini tunajisumbua kiasi hiki na chuma cha Mzungu wakati sisi wenyewe ni watu wa chuma? Swali zuri. Ng'ambo ya Marangu, kule Mamba, wahunzi bado wanafua mikuki na visu kwa springi za magari makuukuu, wakivuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Zamani chuma chenyewe kilitoka Ugweno, milima ya Upare unayoiona kutoka Kilema asubuhi isiyo na ukungu, ambako ukoo wa Washana ulishika siri ya kuyeyusha mawe. Chuma kilipanda mlimani kwa kubadilishana, kikawa majembe ya kuchimbia mifongo na mikuki ambayo Wamasai walikuja kuinunua. Makaa, moto, maji baridi. Kanuni ni ileile ya Birmingham. Mhunzi aliogopwa na kuheshimiwa kwa pamoja, na hadi mwaka 1912 mmisionari Bruno Gutmann wa Moshi aliona inafaa kuandika makala nzima juu ya mhunzi na nafasi yake katika fikra za Wachaga.

Bunduki ndizo zilikuja na habari nyingine. Rebmann alipofika Kilema Mei 1848, kwa Mangi Masaki, inasimuliwa alikuwa na mwavuli badala ya bunduki. Miaka arobaini baadaye hakuna mangi mwenye jina aliyeweza kukaa bila bunduki, na biashara yake ilipita njia ileile ya pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels yakapiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa. Marufuku hiyo haikuwahusu askari wao. Juni 1892 jeshi la Mangi Meli wa Moshi lilishinda kikosi cha Wajerumani na kumuua kiongozi wao, von Bülow. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, Meli akashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa Moshi ya Kale pamoja na wengine, jumla yao 19, wakiwemo Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha.

Unajua kilichofuata, au unapaswa kujua. Inaaminika kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, aliyekitafuta kwa miaka mingi, alitoa vinasaba vyake, lakini hakikupatikana. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba miongoni mwa mafuvu 1,135 waliyochunguza, kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, wamepata yaliyolingana na ndugu walio hai Tanzania. Mmoja wa waliotambuliwa alikuwa akida wa Meli mwenyewe.

Sitaki kulazimisha ulinganifu. Mifupa ya ng'ombe ndani ya sanduku la fundi si mifupa ya watu ndani ya kabati la makumbusho. Lakini neno tunalotumia kwa yote mawili ni moja, kurudisha, na neno hilo linaficha matendo mawili. Kuna kurudisha kitu kwa mwenyewe, na kuna kurudisha kitu katika hali yake. Wazee wa Moshi wanaodai mafuvu hawadai la pili. Hakuna aliyewaambia Wajerumani waifanye Machi 1900 iwe haikutokea. Wanadai mifupa ije ilipo migomba yake, izikwe ikiwa na alama zake zote, hata namba zilizoandikwa kwa wino juu ya paji la uso kama zipo. Kurudisha huku kuna mpokeaji. Rangi ya bunduki, ukiirudisha, unamrudishia nani? Babu hayupo. Fundi wa Birmingham hayupo. Chuma hakikuidai. Anayepokea ni yule anayetoa, na hapo ndipo neno linaanza kulegea.

Nilimwambia baba mdogo hivyo. Akanijibu, na alikuwa na haki, kwamba mimi ninaishi Dar na nimepata kila nilichotaka cha babu: jina, ada ya shule, na picha ukutani. Yeye alikuwa mtoto wa mwisho, alizaliwa 1976, na babu aliyemjua ni yule baada ya 1974, mzee mkimya anayesugua chuma Jumamosi. Ndugu zake wakubwa wanasimulia baba aliyekuwa akiimba akishuka tambarare na bunduki begani inayometameta. Yeye hakumpata huyo. "Nyie mnaongea historia," alisema. "Mimi naongea baba."

Sina jibu safi kwa hilo. Hamu ya kumwona mtu alivyokuwa kabla hajavunjika si uongo. Ruskin hakuiona kwa sababu majengo hayana watoto. Naweza kusema tu kwamba rangi mpya isingempa baba yule anayeimba; ingempa kitu kinachometameta mikononi mwa mwanaume wa miaka karibu hamsini, na Jumamosi za kukisugua hadi kipauke tena. Pengine hilo nalo ni urithi. Lakini si alichokuwa anakiomba.

Shangazi ndiye aliyetoa hoja ambayo haikuwa imemjia yeyote kati yetu wasomi. Alisema uso ule wa chuma haukuwa wa familia yetu peke yetu. Isale ilipokelewa na watu wawili, aliyeitoa na aliyeichukua, na msamaha hauna mmiliki mmoja. Mguu haukurefuka siku ya isale. Kijana aliendelea kuchechemea akipita mbele ya nyumba yetu kwenda kanisani, na makubaliano yalikuwa kwamba pande zote mbili zitaliona hilo kila Jumapili na kusalimiana. Kama upande mmoja sasa unataka kung'arisha sehemu yake, upande wa pili uulizwe.

Baba mdogo akaenda kuuliza. Nilidhani atarudi na ruhusa au na kilio. Alirudi na kitu kingine. Yule mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, halafu akasema: "Hiyo bunduki mimi sijawahi kuiona. Ilikuwa usiku. Niliona moto tu."

Miaka yote hiyo sisi tulikuwa tunabishana juu ya uso wa kitu ambacho yeye, anayekijua kuliko sote, hakukijua sura. Akaomba aletewe.

Haikuwezekana kuibeba kiholela hadi kwake. Kibali kina masharti yake na baba mdogo ni mtu wa masharti. Kwa hiyo mzee alikuja mwenyewe, tarehe 27, akitembea polepole na fimbo, akakalishwa kwenye kiti cha babu. Baba mdogo akaikunja bunduki, akamwonyesha kwamba mitutu ni mitupu, akampa. Mzee aliipima uzito. Aliipitisha kiganja juu ya kile chuma cha kijivu, akauliza kama ni kweli ilikuwa na rangi. Baba mdogo akausukuma wenzo pembeni, akamulika kwa simu, na pale chini palikuwa na kipande cha buluu kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Mzee akainama akakitazama kwa muda mrefu.

"Yote ilikuwa hivi?"

"Yote, mzee."

"Basi ilikuwa nzuri," alisema, na kwa sauti yake sikuweza kujua kama ni sifa au lawama. Akauliza inagharimu kiasi gani kuifanya tena hivyo. Alipotajiwa bei alicheka mpaka akakohoa, akasema kwa hela hiyo anaweza kuezeka banda la ng'ombe na chenji ikabaki. Kisha akaomba kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vimeacha alama za jasho kwenye chuma, na alikuwa anajua, kama mtu yeyote wa Kilema, jasho litafanya nini hapo kabla ya Pasaka.

Bunduki imerudi kwenye kabati lake la chuma. Fundi wa mjini amepiga simu mara mbili kuuliza ataletewa lini. Baba mdogo hajamjibu, wala hajamwambia hapana, na shangazi ameacha kuuliza. Banda la ng'ombe la mzee limeezekwa mwezi Februari, kwa mabati ya geji 30. Nani alilipa, hatujaambiwa.